Kila Kitu na Mahali Pake: Programu Zinazojisasisha na Seva za Kitui na Makueni

Leo tuzungumze historia kidogo. Najua wengi mnaopita hapa mnapenda habari za simu mpya, lakini kuna swali ninaloulizwa karibu kila ninapokwenda kutazama seva za vituo vya afya huko Kitui na Makueni: kwa nini ninyi watu wa Linux mnabishana sana kuhusu mahali pa kuweka faili? Faili si faili tu? Ukiiweka huku au kule, si itafunguka?

Itafunguka, ndiyo. Siku ya kusakinisha, kila kitu hufunguka. Matatizo huja miaka mitatu baadaye, wakati aliyesakinisha amepata kazi Nairobi, simu yake haipatikani, na aliyeachiwa ufunguo wa chumba cha seva ni karani wa data ambaye hakuonyeshwa chochote. Na matatizo hayo huwa makubwa zaidi kama programu yenyewe ni ya aina inayojisasisha, yaani inayojiletea toleo jipya na kubadilisha faili zake bila kupitia kwa mfumo endeshi.

Ninachotaka kusema ni hiki: mahali unapoiruhusu programu kama hiyo iandike ndipo panapoamua kama mtu mwingine ataweza kuitunza baada yako. Kanuni za mahali hapo zilianza zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na zilizaliwa na uhaba. Labda ndiyo maana zinatufaa sana sisi wa nchi kavu.

Turudi 1971. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wa Bell Labs kule New Jersey, Marekani, walikuwa wakiendesha Unix kwenye kompyuta ya PDP-11. Diski yake ilikuwa ya kilobaiti 512, nusu megabaiti. Picha moja ya simu ya leo haingeenea humo. Walipopata diski nyingine waliifunga kwenye saraka, au folda kama wengi wanavyoita, yenye jina /usr, ambamo watumiaji waliweka faili zao. Diski ya kwanza ilipojaa, programu nazo zikaanza kumwagikia huko. Hivyo ndivyo tulivyopata /bin na /usr/bin, jozi ambayo huwachanganya wanafunzi mpaka leo. Haikupangwa na kamati yoyote. Nafasi iliisha, basi.

Linux ilipotoka 1991, kila aliyeifungasha aliweka faili alipopenda. Programu iliyotengenezwa kwa Linux ya fulani haikupata vitu vyake kwenye Linux ya jirani. Agosti 1993 watu wakaanza kujadiliana, na tarehe 14 Februari 1994 likatoka toleo la kwanza la kanuni iliyoitwa FSSTND, mratibu akiwa Daniel Quinlan. Baadaye ilipanuliwa ihudumie Unix zote, ikapewa jina la FHS. Toleo la 2.3 lilitoka Januari 2004, na la 3.0 likatoka Juni 2015.

FHS ina kurasa nyingi, lakini moyo wake ni maswali mawili tu. La kwanza: je, faili hii hubadilika wakati mashine inafanya kazi, au hukaa vile vile mpaka msimamizi aiguse? La pili: je, inaweza kutumiwa na mashine nyingi, au ni ya mashine hii peke yake? Ukijibu hayo, mahali pa faili panajulikana. Programu yenyewe, isiyobadilika, hukaa /usr. Mipangilio ya mashine hii hukaa /etc. Vitu vinavyobadilika kila siku hukaa /var: kumbukumbu za matukio /var/log, na data ambayo programu inaitegemea kuendelea na kazi /var/lib. Programu kubwa ya mtu wa nje inayokuja na kila kitu chake hukaa /opt. Na /usr/local ni ya msimamizi mwenyewe. Vifurushi vya mfumo haviruhusiwi kuigusa.

Wakamba wenzangu wanaijua kanuni hii bila kompyuta. Tazama mabwawa ya mchanga, yale yaliyojengwa na wanakijiji pamoja na mashirika kama SASOL kule Kitui na Utooni upande wa Makueni na Machakos. Ukuta wa zege unawekwa mara moja, juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Mchanga huja na mvua, hujaa, na maji hukaa ndani yake jua lisiyafikie. Ukuta hausogei, ila mchanga na maji hubadilika kila msimu. Hakuna fundi anayechanganya viwili hivyo. Ukuta ni /usr. Mchanga na maji ni /var. Na anayekuja kuchota haji kwa ajili ya ukuta.

Sasa tuje kwenye vifurushi. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na chombo chake cha vifurushi kinaitwa dpkg. Mwaka 1999, katika Debian 2.1, ikaongezwa apt, ambayo huenda yenyewe kwenye hazina ya mtandaoni na kuleta kifurushi pamoja na vyote kinavyovihitaji. Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004, ilirithi vyote viwili. Wengi wetu tuliipata Ubuntu kwa zile CD za bure zilizokuja kwa posta, mpango uliofungwa 2011.

Aliyewahi kufanya kazi serikalini Kenya anaijua fomu ya S11: hakuna kitu kinachotoka stoo bila kuandikwa. dpkg ni mwenye stoo wa namna hiyo. Kila faili aliyoiweka /usr ameiandika daftarini. Muulize "dpkg -S" pamoja na jina la faili, atakwambia ni ya kifurushi gani. Muulize "dpkg -L" na jina la kifurushi, atakutajia faili zake zote na zilipo. Ukimwambia aondoe, ataondoa zile alizoandika tu. Hii ndiyo sababu fundi anaweza kutoka Wote akafika Mutomo, akakaa mbele ya seva ambayo hajawahi kuiona, na kwa nusu saa akajua kilichomo.

Programu inayojisasisha huja kuvuruga daftari hilo. Chanzo chake kinaeleweka. Windows ya miaka hiyo haikuwa na mwenye stoo wa pamoja, kwa hiyo kila programu ilibeba njia yake ya kujileta upya. Firefox 1.5, ya Novemba 2005, ilikuja na mfumo wa kujisasisha wenyewe, na kwa mtumiaji wa Windows ilikuwa neema. Lakini ilete programu hiyo kwenye Linux, uiweke /usr. Ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, haina ruhusa ya kuandika humo, na kujisasisha kunashindikana. Ukiipa ruhusa ya msimamizi mkuu, itabadilisha faili nyuma ya mgongo wa dpkg. Daftari litasema toleo hili, stoo itakuwa na lile. Siku apt itakapoleta toleo lake, litafunika lililokuwepo bila kuuliza.

Wafungashaji walipata njia tatu, na zote ziko hai leo.

Njia ya kwanza ni kuizima sehemu ya kujisasisha. Debian walifanya hivyo kwa Firefox: matoleo mapya huja kwa apt peke yake. Ni safi, ila inataka mfungashaji asiyelala, na mtandao unaofika.

Njia ya pili ni kuipeleka programu nzima /opt na kuifundisha kumtumia mwenye stoo. Google Chrome hufanya hivi. Kifurushi chake huweka vitu /opt/google/chrome, kisha huongeza anwani ya hazina ya Google kwenye orodha za apt. Kuanzia hapo, toleo jipya la Chrome huja pamoja na matoleo mapya ya vitu vingine. Programu imeacha kujisasisha kwa siri.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: kuipasua programu vipande viwili. Mfano wake mzuri ni ClamAV, programu huria ya kusaka virusi. Programu yenyewe hukaa /usr na ni mali ya apt. Orodha ya virusi, ambayo hubadilika kila siku, hukaa /var/lib/clamav, na chombo kidogo kiitwacho freshclam huileta. Kinachojisasisha ni data tu, na data iko mahali pa data. Mnaokumbuka virusi vya flashi vilivyokuwa vikizunguka kwenye saiba zetu mtaelewa faida yake: mahali pasipo na mtandao, unanakili faili za orodha kutoka mashine nyingine, unazibeba kwa flashi, unaziweka /var/lib/clamav, kazi imekwisha.

Na mtandao kwetu haukuwa mchezo. Mpaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuungana na dunia. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka huo, na data ikaanza kupanda kuelekea Nairobi kwa njia ile ile ya reli na barabara kuu, kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Yaani intaneti ya nchi nzima ilikuwa ikipita Makueni. Lakini kupita si kushuka. Kituo cha afya cha ndani, mbali na lami, kiliendelea kununua data kwa megabaiti, kwa modemu ya simu. Programu iliyodai kujiletea megabaiti mia moja wakati wowote inapotaka ilikuwa mzigo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye OpenMRS. Mizizi yake ni ya hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kutengeneza OpenMRS, programu huria ya aina hiyo inayoweza kutumiwa popote, na 2006 ikaanza kazi Eldoret. Kutokana nayo, Wizara ya Afya na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington, kwa fedha za PEPFAR, walianza 2012 kutengeneza KenyaEMR, ambayo imesambazwa katika mamia ya vituo vinavyohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Ukambani tukiwemo.

OpenMRS ni programu ya Java inayokaa ndani ya seva ya Tomcat. Kazi zake nyingi ziko katika moduli, faili zenye mkia wa .omod. Msimamizi anaweza kupakia moduli mpya kupitia kivinjari huku mfumo ukiendelea kufanya kazi, na moduli yenyewe inaweza kubeba anwani ya kutazamia kama kuna toleo jipya. Ikiwashwa, hujirekebishia na majedwali ya hifadhidata. Hii ni programu inayojisasisha kwa maana kamili.

Swali letu linarudi: inaandika wapi? Kwa kawaida yake, OpenMRS huandika katika saraka ya .OpenMRS ndani ya nyumba ya mtumiaji anayeiendesha. Kwenye kompyuta ya mezani hilo halina neno. Lakini kwenye Ubuntu, Tomcat 6 iliendeshwa na mtumiaji aitwaye tomcat6, na nyumba yake ilikuwa /usr/share/tomcat6. Kwa hiyo ukimpa ruhusa ya kuandika huko, moduli, mipangilio na viambatisho vya wagonjwa huenda kukaa /usr/share/tomcat6/.OpenMRS. Yaani mchanga na maji umevimimina ndani ya ukuta. Tena jina linaanza na nukta, kwa hiyo ukiorodhesha faili kwa "ls" ya kawaida, hulioni.

Fikiria linalofuata. Miaka inapita, Ubuntu ya zamani inaacha kupata viraka vya usalama, fundi anapandisha toleo, na Tomcat 6 inampisha Tomcat 7. Sasa mtumiaji ni tomcat7 na nyumba yake ni nyingine. OpenMRS inaamka, inatafuta faili yake ya mipangilio, haioni. Inadhani ndiyo siku yake ya kwanza duniani. Afisa wa kliniki anafungua kivinjari Jumatatu asubuhi, wagonjwa wamejaa kwenye benchi, na badala ya orodha ya wagonjwa anaona ukurasa unaomkaribisha kusakinisha OpenMRS.

Hifadhidata haijapotea, kwa sababu MySQL huweka vitu vyake /var/lib/mysql. Lakini afisa huyo hajui hivyo. Akimwita mtu asiyejua, akabofya hatua za kusakinisha upya bila kuangalia, anaweza kweli kuharibu kilichokuwa salama. Anayesubiri kwenye benchi ni mtu anayehitaji ijulikane alianza dawa lini, kiwango chake cha mwisho cha virusi kilikuwa ngapi, na kama dawa zake ziliwahi kubadilishwa.

Watengenezaji wa OpenMRS waliweka njia ya pili ndani ya msimbo: programu ikishindwa kuandika nyumbani kwa mtumiaji, hurudi nyuma na kutumia /var/lib. Ndiyo maana kwenye seva za KenyaEMR saraka utakayoikuta ni /var/lib/OpenMRS, na moduli ziko /var/lib/OpenMRS/modules. Mstari mmoja wa msimbo, lakini ni mstari uliosoma FHS. Mahali hapo hapategemei namba ya Tomcat. Ubuntu ikipanda, data haihami.

Na kwa kuwa mahali ni pamoja katika vituo vyote, kusasisha kunakuwa kazi inayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Unabeba moduli mpya kwa flashi, unachukua nakala ya hifadhidata, unasimamisha Tomcat, unatoa .omod za zamani, unaweka mpya, unawasha. Maelekezo ya Kibwezi ni yale yale ya Mwingi. Kujisasisha kumebaki, ila kumepewa ratiba na mtu wa kukusimamia.

Si kwamba ndoa imekamilika. FHS inasema mtumiaji asilazimike kuhariri vitu vya /var/lib ili kupanga programu. Mipangilio ni ya /etc. OpenMRS bado huweka openmrs-runtime.properties, yenye nywila ya hifadhidata, pamoja na data. Halafu kifurushi cha Tomcat 9 cha Debian na Ubuntu kilikuja na sheria kali: systemd huizuia Tomcat isiandike popote ila mahali palipotajwa. Waliopandisha bila kusoma waliona OpenMRS inakataa kuwaka, ingawa ruhusa za saraka zilikuwa sawa. Dawa ni fupi. Andika "systemctl edit tomcat9", kisha chini ya [Service] weka ReadWritePaths=/var/lib/OpenMRS/. Lakini ona jambo lenyewe: kanuni iliyoanza 1994 kama makubaliano ya hiari sasa inalindwa na mashine.

Kwa nini naona haya ni ya leo? Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Kompyuta nyingi na programu zililetwa na wafadhili, mafundi wengi walilipwa na miradi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya UKIMWI nchini, wa data wakiwemo, wakaambiwa wakae nyumbani. Seva zilibaki zimewaka vyumbani. Aliyeingia kuzitunza, awe kijana wa ICT wa kaunti au mhitimu wa chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza, hakukabidhiwa na mtu. Alikabidhiwa na mpangilio wa saraka. Kama mtangulizi wake alifuata kanuni, anajua pa kuchukua nakala: /var/lib/mysql kwa njia ya mysqldump, /var/lib/OpenMRS, na /etc. Kama hakufuata, anapapasa gizani.

Kwa hiyo ukifungasha programu yako inayojisasisha, hata kama ni ya duka la dawa pale Emali, jiulize mambo manne. Kipi hubadilika na kipi hakibadiliki? Kinachobadilika nimekitoa /usr? Programu inaweza kusasishwa kwa flashi bila mtandao? Na mtu asiyenijua, akiwa na "dpkg -L" na FHS peke yake, atapata data ya watu? La nne likijibiwa ndiyo, fungasha upeleke. Likijibiwa hapana, bado hujamaliza kazi, hata kama programu inafunguka vizuri.

Haya, tukutane wiki ijayo.